Kabla Hujamlipa Mtembeza Wageni: Mwongozo kwa Wasafiri wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukifungwa na malipo ya chama cha msingi yakiingia, nyumba nyingi za Masasi na Newala hupata mwanya wa kufikiria safari. Walimu nao huanza kuwachangisha wanafunzi kwa ajili ya ziara ya mafunzo, kwaya hutafuta basi dogo la kukodi, na vikundi vya akina mama huweka fungu pembeni. Mahali pa kwenda panajulikana: Kilwa Kisiwani, Mikindani, Makumbusho ya Majimaji kule Songea, Dar es Salaam, na Zanzibar kwa wenye uwezo zaidi. Kinachowagawa watu kwenye kikao ni gharama moja inayoandikwa mwishoni mwa bajeti: mtembeza wageni. Wapo wanaosema ni fedha ya bure, macho tunayo. Wapo wanaotaka kulipia safari nzima kwa kampuni, usafiri, chakula, malazi na maelezo, ili wasisumbuke.

Mimi nasema lipia mtu, usilipie mafurushi. Katika nchi zetu za Kusini maeneo mengi ya kale hayana ubao wa maelezo, hayana kijitabu, na mara nyingine hayana hata uzio. Maelezo yamo kichwani mwa mtu fulani anayeishi hapo jirani, na mtu huyo akifa bila kusikilizwa, mahali pale panabaki mawe na majani. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutoa hata shilingi si "ni bei gani?" Jiulize: mahali hapa panaweza kujieleza penyewe? Pakiweza, nenda mwenyewe na utumie fedha hiyo kukaa muda mrefu zaidi. Pasipoweza, mtu wa kukueleza ndiye makumbusho yenyewe, na kumwacha ni sawa na kusafiri mpaka mlangoni kisha ukarudi.

Anza na kilicho karibu, kwa sababu ndicho tunachokipita kila siku. Mjini Masasi, ukitoka Hospitali ya Mkomaindo, Mtandi si mbali. Mgeni akipanda mwenyewe ataona mlima wa jiwe, kanisa kuu la Anglikana, makaburi, na mji ukiwa umetandazwa chini. Nusu saa itamtosha, atapiga picha na kushuka. Lakini mahali hapa pamebeba historia ambayo watu hulipa fedha nyingi kuisikia nusu yake tu Zanzibar. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Zanzibar, akashukia Lindi, akaja Masasi kwa miguu akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha kuelekea Ziwa Nyasa, kwenye nchi ambazo wengi wao walitekwa. Walipofika chini ya milima hii wakaona maji, ardhi na watu wa kuishi nao, wakaomba kubaki. Mji wa Masasi wa leo una mizizi yake hapo.

Ukienda Mkunazini, Unguja, mtembeza wageni atakuonyesha kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, jiwe lake la msingi likiwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Atakuonyesha na vyumba vya chini. Maelezo ni mazuri na yanastahili malipo. Ila mara nyingi hadithi huishia pale, kana kwamba waliofunguliwa minyororo waliyeyuka hewani. Hawakuyeyuka. Baadhi yao walirudi bara, wakapanda mihogo Masasi, wakazaa, wakavamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara mwaka 1882, na misheni yao ikachomwa tena katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Mtu wa Masasi anayekwenda Mkunazini ana swali la kumuuliza mtembeza wageni ambalo mgeni wa Ulaya hana: walikwenda wapi? Uliza. Jinsi atakavyojibu itakuonyesha kama umepata mwenye maarifa au mwenye kukariri.

Basi Mtandi panahitaji mtu, lakini hapahitaji kampuni. Nenda ofisi ya kanisa siku moja kabla, piga hodi, jieleze, omba mzee au mwalimu wa dini anayeijua historia ya mahali. Mpe muda wa kujiandaa. Ukitaka kumpa kitu, mpe sadaka ya heshima au toa kwenye kikapu cha kanisa kama atakavyoelekeza, na usimfanye mzee apange bei mbele ya watoto. Mwulize kuhusu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, ambaye badala ya kupiga marufuku jando alitafuta namna ya kuliingiza ndani ya maisha ya Kanisa. Mpaka leo wazee wanatofautiana kama alifanya vema, na kusikia mabishano hayo kwa watu wenyewe kuna faida kuliko kurasa kumi za kitabu. Mwulize pia kuhusu Trevor Huddleston, aliyejulikana dunia nzima kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, ambaye alikuwa askofu hapa kuanzia 1960 hadi 1968. Vijana wengi wa Masasi hawajui kwamba mtu huyo alitembea katika barabara hizi.

Ndanda ni hivyohivyo. Misheni ya Wabenediktini ilianza mwaka 1906, baada ya Majimaji kuziteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao. Ukifika bila taarifa utaona kanisa, hospitali, chemchemi na bustani. Ukiwa umeomba mapema kwa barua au simu, ukapewa mtawa au mfanyakazi wa siku nyingi wa kuzungumza nanyi, wanafunzi wataelewa kwa nini misheni ilijengwa pale na si kwingine. Kwa Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020, usimlipe mtu wa kukupeleka. Anza ofisi ya kijiji, salimia, fuata utaratibu watakaokupa. Kaburi lina familia.

Upande wa Newala, Shimo la Mungu hujieleza lenyewe kwa jicho. Unasimama ukingoni mwa tambarare ya Makonde, ardhi inakatika, na mbele yako ni bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Kwa mandhari peke yake huhitaji kumlipa mtu yeyote, na kijana atakayekufuata akisema bila yeye huruhusiwi kutazama, mwulize kwa upole kibali chake kimetoka ofisi gani. Lakini ukitaka kuteremka, au ukitaka kujua watu waliishije juu ya mchanga unaomeza mvua yote bila kuacha mto wala kisima, tafuta mama mtu mzima wa Newala. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, wanawake waliteremka mteremko ule kuteka maji na kupanda nao kichwani. Hilo hakuna atakayekueleza vizuri kuliko aliyelifanya au aliyemwona mama yake akilifanya. Saa moja ya mazungumzo hayo ina uzito kuliko picha hamsini za ukingoni.

Newala ina jambo jingine linalofaa kujulikana kabla ya kwenda makumbusho yoyote. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila na vitu vya watu, alifika Masasi akapanda mpaka Newala. Alipiga picha za akina mama wenye ndonya na chale, akanasa nyimbo kwa fonografu, akachukua filamu za ngoma, na kukusanya vinyago na vyombo vya nyumbani. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho ya Leipzig. Kwa hiyo sehemu ya urithi wa tambarare hii, pamoja na sauti za watu waliokufa zamani, iko Ujerumani. Mtanzania anayeishi Leipzig au Berlin akiniuliza kama alipie ziara ya kuongozwa katika makumbusho hayo, ningemwambia alipie, tena aandike mapema kueleza kwamba anatoka Kusini na anataka kuona vya kwao. Kilichowekwa stoo hakionekani na mtu aliyekata tiketi ya kawaida. Anayeomba kwa jina la mahali alikotoka mara nyingi hupewa mtumishi wa kuongea naye.

Kilwa: hapa hakuna mjadala, lakini kuna maarifa

Kilwa Kisiwani hutachagua. Unapita Lindi, unafika njia panda ya Nangurukuru, unakunja kuelekea Kilwa Masoko, na hapo ndipo unapochukua kibali kabla ya kupanda mashua. Kisiwani utakwenda na mwongozaji. Sheria hiyo naiunga mkono. Magofu yale yameorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu 1981, yakakaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mkono wa mtu mmoja anayevuta tofali la matumbawe apige picha unaweza kuangusha ukuta uliosimama miaka mia saba.

Kwa kuwa utalipa tu, kazi yako ni kuhakikisha unapata kilicho bora kwa fedha hiyo. La kwanza, sema tangu kwenye simu kwamba mnataka maelezo kwa Kiswahili. Waongozaji wengi wamejifunza kazi wakiwa na wageni wa nje, na maelezo marefu, yenye tarehe na hoja, wanayo kwa Kiingereza. Akikutana na Watanzania mtu huyohuyo hufupisha, kwa kudhani ninyi mmekuja kutembea tu. Mwambie mapema: tunataka yote unayowaambia wageni, na zaidi. Nimeona jambo hili likibadilisha ziara nzima. Kijana aliyekuwa akionyesha kwa kidole akaanza kuketi kivulini na kuchora ramani mchangani.

La pili, mjaribu kwa swali la asili ya mji. Kuna hadithi maarufu ya Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka. Ni hadithi nzuri, imeandikwa tangu zamani, na wenyeji wana haki ya kuisimulia. Lakini uchimbaji umeonyesha kwamba watu waliishi Kilwa karne nyingi kabla ya majumba makubwa, wakijenga kwa miti na udongo, wakivua na kufua chuma, na kwamba mji wa mawe uliota juu ya kijiji cha watu wa pwani hii. Mwongozaji mzuri atakupa yote mawili na kukwambia lipi limetoka kwa wazee na lipi limetoka kwa wachimbaji. Anayekupa la kwanza peke yake, tena kwa uhakika wote, anakuuzia ngano kwa bei ya historia.

La tatu, uliza kuhusu msafiri Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, akaeleza mji mzuri na watu weusi sana wenye chanjo usoni. Mmakonde aliyeziona chale za bibi yake ana haki ya kusimama mbele ya Msikiti Mkuu na kuuliza ni akina nani hao. Hapo ndipo kikundi kutoka Newala kinaweza kumfundisha mwongozaji kitu, na mwongozaji anayejua kazi yake atasikiliza.

Panga muda wa kutosha. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na upanuzi wake ni wa karne ya 14, watu huuzunguka kwa dakika kumi. Upe saa. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya mwamba wa pwani, lina vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, nalo liko mbali kidogo na mengine, kwa hiyo mwongozaji mwenye haraka atakwambia jua limekuwa kali, turudi. Andikeni kwenye makubaliano kwamba Husuni Kubwa imo. Gereza lililo karibu na gati mtaliona hata mkiwa mmechoka. Mwulize na habari za sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa: moja ilionekana Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana zilifikaje huko. Watoto wa shule watazikumbuka sarafu hizo kuliko majina yote ya masultani.

Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, ni safari nyingine, na hapo uliza maji kabla ya kuuliza bei. Mashua hupita kwenye mikoko, na maji yakipwa mtatembea topeni mkiwa mmekunja suruali. Wazee na watoto wadogo hawataifurahia. Upepo wa kusi wa katikati ya mwaka nao huchafua bahari. Nahodha wa kweli atakutajia saa ya kutoka kufuatana na mwezi. Anayekwambia "saa yoyote tu" mwache.

Tendaguru: bila mtu hutaona kitu

Wapo wanaoniuliza kuhusu mijusi mikubwa ya Lindi, yaani dinosaria, wakidhani kuna jengo la kuingia. Hakuna. Tendaguru ni kilima na pori, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na ukifika mwenyewe unaweza kupita juu ya shimo la uchimbaji usijue. Hata hivyo napaona kuwa mahali muhimu kuliko mengi yenye majengo. Baada ya mhandisi wa madini Bernhard Sattler kukuta mifupa mwaka 1906, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Mamia ya vibarua wa nchi hizi walichimba, wakafunga mifupa kwa vifaa vya hapahapa, wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Mnyama mmoja, Giraffatitan, amesimamishwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu hupanga foleni kumwona.

Msimamizi mkuu wa kazi ile alikuwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyewafundisha wengine kuufunua mfupa bila kuuvunja. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje. Haya ndiyo majina ya kumwuliza mwongozaji. Akikutajia maprofesa wa Berlin peke yao, mtajie wewe hawa wawili, kwa sababu bila wao mlima ule haujaelezwa.

Uamuzi basi: kwenda Tendaguru bila mwongozaji ni kupoteza mafuta ya gari. Pitia kwanza ofisi ya utamaduni na utalii ya wilaya au mkoa, kisha serikali ya kijiji, wakupe mwenyeji anayeyajua mashimo ya zamani. Nenda kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, kwa maana mvua zikianza barabara za udongo mweusi hazipitiki. Waeleze unaowapeleka kwamba hawataona mifupa imesimama. Mwanafunzi aliyeahidiwa jitu la mifupa akakuta nyasi atachukia historia. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kusimama pale babu zake walipobeba mizigo ile, ataangalia kwa jicho jingine. Na usiokote kitu. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa haumwambii mtaalamu lolote tena, na sheria ya malikale inakataza.

Kuna mahali ambapo ningekushauri utunze fedha yako. Mikindani ni mji mdogo, unatembeleka kwa miguu asubuhi moja. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa likafanywa hoteli, na nyumba inayohusishwa na Livingstone, aliyeanza safari yake ya mwisho hapo mwaka 1866, ina kibao. Soma kidogo kabla, tembea polepole, nunua samaki, ongea na wazee barazani. Ukitaka mtu, mchukue kwa saa moja tu ya kukupitisha vichochoroni. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, jengo lililoanza kazi mwaka 1940, yana maelezo ya maandishi, na mtu mzima anayependa kusoma atajitosheleza. Lakini kwa watoto omba mtumishi wa elimu wa makumbusho, na mwulize habari za kinyago cha Kimakonde kilichoibwa humo mwaka 1984, kikauzwa Ulaya, kikaingia Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na kurudishwa Tanzania mwaka 2010 baada ya miaka ya mazungumzo. Watoto wa Newala wanastahili kujua kwamba kitu cha kwao kilipiganiwa mpaka kikarudi.

Songea pia, kabla hujakodi mtu wa nje uliza kama mtumishi wa makumbusho mwenyewe atawatembeza. Mahali pale ni pazito. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67, na kaburi la pamoja liko hapo. Kikundi kinachotoka Masasi kimwambie mwongozaji kwamba Majimaji ilifika na kwao pia, ili asiisimulie kama vita ya Wangoni peke yao. Ukiweza kwenda wiki ya kumbukumbu ya mashujaa, mwezi wa Februari, utasikia mengi bila kulipia maelezo, ila vyumba vya kulala vitakuwa haba na mjini patajaa.

Kisha kuna mahali ambapo malipo hayafai kabisa. Kiangazi ni msimu wa jando na unyago tambararani, na siku za kutoka wali, midimu, yaani ngoma za vinyago, huchezwa hadharani, na mtu yeyote anayekaribishwa anaweza kutazama akiwa amesimama pamoja na wanakijiji. Huko unahitaji mwenyeji, mtu wa ukoo au rafiki atakayekwambia usimame wapi na lini uiweke simu mfukoni. Akitokea mtu akakwambia kwamba kwa nyongeza kidogo atakupeleka kambini, au atakuonyesha kinyago kinavyovaliwa kabla ya ngoma, mkatae palepale. Anauza kisicho chake. Anayefanya hivyo leo kwa ajili yako, kesho atawaletea wageni wenye kamera kubwa zaidi, na vijana waliomo kambini watageuzwa maonyesho. Hili nalisema bila kupunguza makali, maana nimeona wageni wakidhani kila kitu cha mila kina bei.

Ukishaamua kwamba unahitaji mtu, mazungumzo ya simu yatakusaidia kumchuja. Mwulize yeye ni mwenyeji wa wapi na maarifa yake ameyapata kwa nani. Mwulize ni jambo gani kuhusu mahali hapo watu wanabishania. Asiyejua ubishi wowote amekariri karatasi. Mwulize anachukua watu wangapi kwa mara moja: kwa wanafunzi, zaidi ya kumi na watano kwa mwongozaji mmoja ni kuwapeleka walio nyuma wakachezee mawe. Gawanyeni makundi, na wanaosubiri wapewe kazi ya kuchora. Bei iwe wazi kabla ya kuondoka nyumbani, nayo ieleze kama kiingilio, kibali, mashua na posho ya mwongozaji vimo au haviko. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho, na shule ibebe barua ya mwalimu mkuu. Malipo ya serikali yafanywe kwa namba ya malipo na risiti itolewe. Usitume fedha yote kwa simu kwa mtu ambaye hujapata kuonana naye wala huna mtu anayemfahamu. Kidogo cha kuonyesha nia kinatosha, na kilichobaki kipokelewe mkifika.

Kuhusu kampuni inayochukua kila kitu, inakufaa katika hali chache: kikundi kina wazee wengi, mnakwenda mbali kama Kondoa kwenye michoro ya miambani, au hakuna kati yenu anayeweza kushika shughuli za malazi. Hapo unalipia utulivu, na si vibaya kuulipia, ili mradi ujue ndicho ulichonunua. Ila kabla ya kusaini, waulize jina la mtu atakayewaeleza kule mwendako. Wakikwambia dereva ndiye atakayeeleza, punguzeni bei hiyo sehemu ya maelezo na mtafute mwenyeji wenyewe.

Na siku yenyewe ikifika, ukaona mwongozaji hajui au anakimbiza watu, usinyamaze kwa kuona haya mpaka jioni. Mwite pembeni, mbali na kikundi, umwambie: ndugu yangu, sisi tumetoka Masasi, tumechangishana, tunaomba hapa tukae na hili ulieleze taratibu. Wengi hubadilika papo hapo. Asipobadilika, mshukuru, mlipe mlichokubaliana kwa saa alizofanya, kisha mwombe mlinzi wa pale, au bibi anayeuza madafu karibu na lango, aeleze anachokijua yeye.